IMSLP: noti za bure za Beethoven wa miaka 14, na jinsi ya kuzichapisha Arusha

Maktaba ya mtandaoni ya IMSLP hutoa bure noti za muziki ambao hakimiliki yake imekwisha. Tumeipima kwa kazi moja tu: kwarteti tatu za piano, fidla, viola na selo alizoziandika Beethoven mjini Bonn mwaka 1785. Zilichapishwa 1828, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na mpaka leo hazipigwi kama zinavyostahili. Tafuta kwa "WoO 36" (WoO ni alama ya kazi za Beethoven zisizo na namba ya Opus, yaani namba rasmi ya kazi), si kwa jina.

Anza na ile ya C meja. Adajio yake, kipande cha polepole, ni nzuri ajabu kwa kijana wa umri ule, na mpiga piano ataitambua: Beethoven aliirudia katika sonata yake ya Opus 2 namba 1, na mawazo ya kipande cha kwanza akayatumia katika namba 3 ya Opus hiyohiyo. Ile ya E-flati ina moto zaidi, ila kipande chake cha pili kiko E-flati maina, yaani flati sita. Aliyezoea sol-fa ya kwaya apewe noti zake mapema.

Angalizo kubwa: usiamini namba. Katika mwandiko wa Beethoven ile ya C meja ni ya kwanza. Katika chapa ya 1828 ni ya tatu. Kundi likipakua "namba 3" kutoka mafaili tofauti, fidla atakuja na D meja na selo na C. Kubalianeni kwa ufunguo: C, D au E-flati.

Faili la mpiga piano lina mistari ya wote wanne. Wengine wachukue sehemu zao. Chapa za zamani zina kingo pana, na steshenari wakizibana zilivyo kwenye A4 noti huwa ndogo mno. Waambie wakate kingo kwanza, ndipo wajaze karatasi. Ya piano iwe A3, kurasa mbili kwa pamoja. Wino ukiwa hafifu, mistari mitano ndiyo hupotea kwanza, kwa hiyo toa ukurasa mmoja wa majaribio. Ukichapa pande mbili, linganisha na faili: ukurasa uliokuwa kulia ubaki kulia, la sivyo utageuza karatasi katikati ya mbio badala ya kwenye pumziko.

Piano za enzi zile zilianzia F ya chini. Kinanda cha kanisani cha vibonyezo 61 huanzia C iliyo juu yake, kwa hiyo besi yoyote iliyo chini ya hapo itakosekana. Ukishusha oktavu, unapoteza juu. Tafuta chenye vibonyezo 88. Viola nayo haina mbadala rahisi: fidla ya pili haifiki chini ya G, na viola husomwa kwa klefu ya C (alama ya mwanzo wa mstari), si ile ya fidla. Wapigaji waulizie Makumira, Usa River, ambako chuo kikuu cha Tumaini kinafundisha muziki.

Toleo la kulipia la Henle, wachapishaji wa noti wa Ujerumani, ni safi zaidi machoni, na kundi linalojiandaa kwa onyesho lifikirie kulinunua. Kwa kuzifahamu kwarteti hizi na kufanyia mazoezi ya Jumamosi, IMSLP inatosha kabisa, alimradi mwalimu apitie alama za nguvu na mikato na wote wanne kabla hamjaanza.