Huduma ya kuachishwa pombe katika kituo kimoja cha Moshi: usiku wanaujua, kuruhusu mgonjwa bado

Kituo ninachokizungumzia ni cha binafsi, kipo Moshi mjini, na kina vitanda vichache. Sitakitaja jina, kwa kuwa anayekifahamu atamtambua mara moja ndugu yangu aliyelazwa pale. Ninachokitathmini ni huduma yao ya kumwachisha mtu pombe kwa dawa, tangu anapopokelewa hadi anaporuhusiwa, na nimeipima kwa kigezo kimoja tu: je, wanaotoa dawa hizo wanajua zinakwenda kufanya nini ndani ya ubongo, na je, wanamwangalia mgonjwa kama watu wanaojua? Kwa saa za usiku ninawapa nyota tano. Kwa siku ya kuruhusiwa ninawapa mbili, na nadhani nimewahurumia.

Aliyelazwa ni kaka yetu mkubwa, mtu wa mbege tangu ujana na wa Konyagi tangu alipoanza kushika fedha zake mwenyewe. Kama ilivyo kwa wengi wa huku, Desemba familia nzima hupanda nyumbani Kibosho, watu wanakunywa hadi sikukuu ziishe, kisha Januari yeye huamua kuacha. Alikuwa akiacha ghafla, peke yake, akijifungia chumbani huku sisi tukimsifu kuwa ana moyo. Kila mwaka kutetemeka kulizidi ule uliotangulia, hadi Januari hii alipoanguka degedege jikoni mbele ya mama. Daktari aliyemtibu alitueleza kuwa hilo halikuwa bahati mbaya, kwa sababu ubongo unaoachishwa pombe ghafla na kwa kurudiarudia bila dawa huzidi kuwa mwepesi wa kuchochewa, na kila jaribio jipya huweza kuwa kali kuliko lililopita. Kwa hiyo ule ujasiri tuliokuwa tukiushangilia ndio uliokuwa ukimwandalia degedege.

Maelezo yake ya kitaalamu yalikuwa mazuri kiasi kwamba ninayaandika hapa kama nilivyoyaelewa. Pombe huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayozituliza seli za neva, na papo hapo huizuia glutamati, ile inayozichochea. Mtu akinywa kila siku kwa muda mrefu, ubongo hujirekebisha ili uendelee kufanya kazi ndani ya pombe: vipokezi vya GABA, yaani sehemu za seli ambazo kemikali hiyo hujishikiza, hupoteza usikivu wake, na vipokezi vya glutamati, hasa vile viitwavyo NMDA, huongezeka. Ni kama dereva anayeteremka kutoka Marangu kwenda Himo akiwa amekanyaga breki na mafuta kwa pamoja; siku pombe inapokatika, mguu wa breki unaondoka na ule wa mafuta unabaki palepale. Kutetemeka, jasho na moyo kwenda mbio huanza ndani ya saa chache, degedege huja zaidi kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na hali mbaya kuliko zote, yaani kuweweseka, kuona maruweruwe na kupandwa na homa, kwa kawaida hujitokeza siku ya pili hadi ya nne. Hali hiyo inaua isipotibiwa, na ndiyo maana hii si kazi ya kufanyiwa chumbani na shangazi mwenye uji.

Dawa waliyomwanzishia ni diazepamu. Inajishikiza kwenye kipokezi cha GABA, mahali pake pa pekee, na kukifanya kiitikie zaidi GABA ambayo mwili wenyewe unaitoa: mlango unaoingiza chembe za kloridi ndani ya seli hufunguka mara nyingi zaidi na seli hutulia. Kuzimua asubuhi kwa supu na chupa hupunguza kutetemeka kwa njia inayokaribiana na hiyo, ila chupa humrudisha mtu alikotoka, ilhali diazepamu hukaa mwilini muda mrefu na hushuka taratibu, hivyo ubongo unapata nafasi ya kurudisha vipokezi vyake katika hali ya awali. Kilichonipendeza ni kwamba hawakuitoa kwa mazoea. Walipima ini kwanza, kwa kuwa ini ndilo linaloivunja diazepamu, na lililonyauka hushindwa kuiondoa. Kwa mgonjwa wa namna hiyo huchaguliwa lorazepamu, dawa ya jamii hiyohiyo, ambayo njia yake ya kuvunjwa ni nyepesi zaidi. Walipima pia malaria na sukari, na wakamkagua kichwa kwa sababu ya kule kuanguka, maana mlevi aliyechanganyikiwa huweza kuwa na damu iliyovilia ndani ya fuvu huku watu wakidhani ni pombe tu.

Sasa usiku. Muuguzi wa zamu alikuja kila baada ya saa chache na fomu yenye vipengele kumi, ile inayofikia alama 67 kwa mgonjwa aliyezidiwa kabisa, akawa anamwambia kaka, "Baba, nyoosha mikono mbele, tanua vidole," kisha anasimama akivitazama vidole vile bila kusema neno. Alimgusa paji la uso kuona jasho, akamuuliza kama anahisi wadudu wakimtembea kwenye ngozi, kama mwanga wa taa unamuumiza, leo ni siku gani na hapa ni wapi. Alama zikipanda, dawa inaongezwa. Zikishuka, haongezi hata kama ndugu tunamsihi amlaze mgonjwa usingizi. Nilimsihi kweli, saa nane za usiku, na akanijibu kwa upole kwamba dawa hiyo ikizidi inabana pumzi, hasa kwa mtu ambaye huenda bado ana pombe kwenye damu. Kidonge cha diazepamu ni cha bei ndogo sana. Fedha tulizolipa pale zililipia macho ya yule sista, na kwa hilo sina kinyongo na bili.

Kaka alipoanza kuona panya ukutani, nilitarajia wangemchoma haloperidoli, kwa sababu ndiyo dawa ambayo watu hukimbilia kwa yeyote anayeona visivyokuwepo. Hawakufanya hivyo. Walieleza kuwa ikitolewa peke yake inaweza kuurahisishia ubongo kupata degedege, wakaongeza diazepamu, na kufikia alfajiri panya walikuwa wamekwisha.

Dosari ya kwanza ilitokea mapema, saa ya kupokelewa. Aliyempokea alimtundikia dripu ya glukosi kabla ya kumpa thiamini, yaani vitamini B1, ambayo wanywaji wa muda mrefu huwa wameishiwa kwa kutokula vizuri na kwa sababu pombe huzuia utumbo usiinyonye. Seli za ubongo haziwezi kuitumia sukari ipasavyo bila thiamini, na kanuni inayofundishwa ni kwamba thiamini itangulie glukosi au ziende pamoja, la sivyo mgonjwa anaweza kuingia katika ugonjwa ambao Carl Wernicke aliueleza mwaka 1881: macho yanacheza, mwendo unayumba, akili inachanganyikiwa, na asipowahiwa hubaki na upotevu wa kumbukumbu usiopona. Daktari alipofika aliisimamisha dripu, akaamuru thiamini ya sindano, na jambo likaisha bila madhara. Hata hivyo, usalama wa ubongo wa mtu haupaswi kutegemea kama daktari amewahi au amechelewa kutoka nyumbani kwake. Karatasi moja iliyobandikwa juu ya meza ya mapokezi ingetosha.

Dosari kubwa ni ya kuruhusiwa. Tulikabidhiwa mfuko wa vidonge ulioandikwa "1x2" kwa kalamu, bila kuambiwa ni dawa gani inayopunguzwa na lini ikome. Diazepamu si dawa ya kuendelea nayo nyumbani bila ukomo. Mwili huizoea kama ulivyoizoea pombe, na nayo ikikatwa ghafla baada ya matumizi marefu huleta degedege lilelile. Hakuna aliyetuambia kwamba usingizi mbovu na wasiwasi vingeendelea kwa majuma, pengine miezi, kwa kuwa ubongo bado unajirekebisha, na kwamba hicho ndicho kipindi ambacho wengi hurudi kilabuni wakidhani tiba imeshindwa. Nilipouliza kuhusu naltreksoni, dawa inayoviziba vipokezi vya afyuni za mwili wenyewe ili kinywaji kisilete raha iliyozoeleka, nilijibiwa kuwa "hiyo ni ya hatua nyingine", na hiyo hatua nyingine haikuandikwa popote. Walau wangemtahadharisha asiitumie pamoja na tramado, dawa ya maumivu ya jamii ya afyuni, kwani kaka ana mgongo na huinunua tramado kama watu wanavyonunua panado. Ilibidi nimpigie daktari simu siku iliyofuata ndipo tupate ratiba ya kupunguza vidonge, na kwa haki yake alinieleza kwa subira hadi nikaandika yote.

Kwa mtu anayetetemeka, ambaye hajawahi kupata degedege na ambaye ana ndugu wa kumfuatilia nyumbani, nakipendekeza kituo hiki, kwa sharti kwamba asikubali kutoka mlangoni kabla ya kuandikiwa tarehe ya kila kidonge na jina la atakayemwona baadaye. Mwenye degedege za kurudia, mwenye homa na kuweweseka, au mwenye ini lililoharibika, apelekwe moja kwa moja KCMC, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda, kwa sababu hapa hakuna mashine ya kumsaidia kupumua endapo dawa zitalazimika kuwa nyingi. Mfike na chupa au jina la alichokuwa anakunywa, na saa ya kinywaji cha mwisho. Ndilo swali la kwanza watakalowauliza.