Kambi ya Cultybraggan: Kulala Katika Mabanda ya Wafungwa wa Vita

Karibu na kijiji cha Comrie, huko Perthshire nchini Uskoti, mgeni anaweza kupanga banda la bati lililojengwa mwaka 1941, katika kambi iliyowahi kuwafungia wafungwa wa vita wa Kijerumani wapatao 4,000, wengi wao wakihesabiwa kuwa wafuasi sugu wa Hitler.

Jambo la kwanza la kuzoea ni umbo lake. Banda ni kama pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa kifudifudi. Ukuta na paa ni kitu kimoja, hivyo kabati haliegemei ubavuni, na mtu mrefu hujifunza upesi kupita katikati ya chumba. Ukarabati umefanywa kwa heshima kwa kuwa haukuuficha mviringo huo, ingawa mgeni asiyetoka nje anaweza kuondoka bila kujua alilala mahali gani.

Kwa hiyo ninashauri aanzie kwenye banda la makumbusho. Desemba 1944, mfungwa Wolfgang Rosterg aliuawa kambini na wenzake waliomshuku kuwa msaliti, na watano kati yao wakanyongwa London mwaka uliofuata. Jeshi la Uingereza liliendelea kufanyia mazoezi hapo hadi 2004. Kuna pia handaki la kuwahifadhi viongozi endapo vita vya nyuklia vingezuka, ambalo lilikamilika mwaka 1990, Ukuta wa Berlin ukiwa umeshaanguka. Serikali nazo huchelewa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kambi haikugeuzwa kuwa makumbusho matupu. Wanakijiji waliinunua mwaka 2007 kwa pauni 350,000 kupitia taasisi yao ya maendeleo, wakapangisha mabanda kadhaa kwa wenye biashara ndogo na kutenga ardhi ya bustani za mboga. Hata Heinrich Steinmeyer, askari wa Waffen-SS, jeshi la chama cha Nazi cha Hitler, aliyetekwa Ufaransa mwaka 1944 na kufungwa hapa, alikiachia kijiji pauni 384,000 kwa ajili ya wazee, akishukuru wema aliotendewa.

Mpenda historia anayejipikia mwenyewe atapafurahia sana, mradi akubali kwamba jirani yake huenda ni karakana. Familia inayotaka bwawa la kuogelea na mkahawa chini ya paa moja ni heri itafute hoteli katika mji wa jirani wa Crieff, kisha ije Cultybraggan kutembea mchana.