Filta ya baipasi kwenye mashine nzito: jinsi tulivyopunguza kumwaga oili

Nasimamia matengenezo ya mashine za machimbo ya mawe: eskaveta, loda, tipa, tingatinga, na jenereta inayoendesha mtambo wa kusaga kokoto. Kwa mashine za aina hii oili ya injini ni mzigo mkubwa. Injini ya eskaveta kubwa inakula lita 40 na zaidi kila inapobadilishwa, na kitabu cha mtengenezaji kinataka ibadilishwe kila saa 250 za kazi, kwa injini nyingine saa 500. Mashine inayopiga zamu mbili inazifikia saa 250 ndani ya wiki mbili tatu. Kila mara inasimama, fundi anaingia chini, mapipa ya oili chafu yanaongezeka, na oili hiyo chafu nayo lazima ihifadhiwe na kukabidhiwa kwa anayeruhusiwa kuichukua.

Nimeitumia filta ya baipasi, yaani filta ya ziada inayochuja oili pembeni mwa filta kuu, kwa muda wa kutosha kuweza kuisemea. Jenereta sasa inaenda saa 750 kabla ya kubadilishwa oili, eskaveta zinaenda 500 badala ya 250, na loda moja tuliirudisha kwenye 250, kwa sababu nitakayoieleza. Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo: filta peke yake haikupi ruhusa ya kuongeza saa. Inakupa oili safi zaidi. Ruhusa inatoka kwenye vipimo vya maabara.

Tuanze na filta kuu, ile inayokuja na injini. Oili yote inayosukumwa na pampu inapita humo, kila sekunde, na beringi haziwezi kuisubiri. Kwa hiyo haiwezi kuwa na matundu madogo sana, la sivyo itabana njia. Nyingi zinakamata vizuri chembe za kuanzia mikroni 20 hadi 40 kwenda juu (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Tena zina valvu ya usalama: oili ikiwa ya baridi na nzito, au filta ikiziba, valvu inafunguka na oili inapita bila kuchujwa. Ni sawa iwe hivyo, maana oili chafu ni afadhali kuliko beringi kavu.

Tatizo ni kwamba chembe zinazokula injini zaidi ni zile zinazolingana na nafasi iliyopo kati ya vyuma viwili. Kubwa sana haiingii, ndogo sana inapita bila kugusa. Utando wa oili kwenye beringi na kwenye ringi za pistoni una unene wa mikroni chache tu, na unywele wa mtu una kama mikroni 70. Chembe za mikroni 3 hadi 10, ambazo jicho halizioni kabisa, ndizo zinazosaga, na ndizo filta kuu inazoziachia zipite.

Baipasi inafanya kazi pembeni. Inachukua sehemu ndogo ya oili, kwa kawaida kama asilimia 5 hadi 10, inaipitisha polepole kwenye uzi au karatasi iliyoshindiliwa, kisha inairudisha kwenye sampu, yaani karai la oili chini ya injini. Kwa kuwa haina haraka, inaweza kushika chembe za mikroni 2 au 3. Na kwa kuwa oili inazunguka muda wote, baada ya saa kadhaa oili yote imepita humo, tena zaidi ya mara moja.

Tumetumia aina mbili. Kwenye eskaveta tumefunga ya katriji, yaani yenye kichujio cha kubadilisha. Kwenye jenereta tumefunga ya kuzungusha, ambayo haina karatasi: presha ya oili yenyewe inaizungusha bakuli la ndani kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika, na uchafu unarushwa ukutani. Hii ya pili naipenda kwa sababu inakuonyesha kazi yake. Ukifungua kifuniko, unakuta ukuta wa bakuli umeshikwa na tope jeusi, laini, zito kama dawa ya viatu. Unalikwangua kwa kipande cha mbao na linatoka kwa mabamba. Lile ni masizi, chembe za chuma na mabaki ya viungio (kemikali zinazotiwa kwenye oili kuiongezea nguvu), na lote lingekuwa bado linazunguka ndani ya injini. Tunapima unene wake kila tunapofungua na kuuandika. Siku ukiongezeka ghafla, tunajua injini inachoma vibaya hata kabla ya ripoti ya maabara kufika.

Ufungaji si mgumu, lakini unataka fundi mwenye nidhamu. Oili inachukuliwa kwenye tundu lenye presha, kwa kawaida pale penye swichi ya presha ya oili, na inarudi kwenye sampu au kwenye kifuniko cha valvu. Upande wa presha lazima kuwe na kizuizi chenye tundu jembamba. Chetu kina upana wa milimita 1.5 hivi. Kizuizi hicho ndicho kinachohakikisha baipasi hainyang'anyi beringi presha. Sehemu ninayoihofia ni mipira inayopitisha oili. Eskaveta inatikisika kutwa nzima, na mpira unaogusa ukingo wa chuma utatoboka tu. Ukitoboka upande wa presha, oili inamwagika huku dereva yuko juu anachimba. Tunatumia mipira ya haidroliki inayostahimili joto, tunaishikilia kwa klempu, kila inapopita karibu na chuma inavikwa kinga, na iko kwenye orodha ya ukaguzi wa kila asubuhi. Anayekuuzia kifaa pamoja na mipira ya bei rahisi, chukua kifaa, mipira mwachie.

Sasa vipimo, ambavyo kwangu ndivyo nusu ya pili ya kifaa hiki. Sampuli inachukuliwa injini ikiwa ya moto na inanguruma, kwenye koki ndogo tuliyoiweka kabla ya filta kuu. Fundi anafuta mdomo wa koki kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, anaachia oili kidogo iende kwenye kopo la taka, ndipo anakinga chupa mpya ambayo haijafunguliwa hadi dakika hiyo. Anaandika namba ya mashine, saa za injini, saa za oili, na lita zilizoongezwa tangu oili iwekwe. Hicho cha mwisho wengi wanakiruka. Ukiongeza oili mpya lita kadhaa, uchafu wote unaonekana umepungua, kumbe umezimuliwa tu.

Kwenye ripoti naanza na TBN, yaani akiba ya besi inayopambana na asidi. Hapa ndipo maneno ya wauzaji wengi yanapokwama. Filta inaondoa chembe. Haiondoi asidi iliyoyeyuka na hairudishi viungio vilivyokwisha kutumika. Akiba ikishuka hadi nusu ya ilivyokuwa oili mpya, mimi naanza kupanga siku ya kubadilisha, hata oili iwe safi vipi. Baipasi inasaidia kidogo kwa njia nyingine: inaongeza lita za oili kwenye mfumo, na kila unapobadilisha katriji unajazia oili mpya yenye viungio vipya. Lakini msaada huo una mwisho wake. Atakayekuambia hutabadilisha oili tena maishani, mwombe ripoti za TBN za mashine zake.

Kisha naangalia metali. Chuma, shaba, risasi, kromu, alumini: kila moja inakuonyesha sehemu inayolika. Unapoongeza saa za oili, namba hizi zitapanda kwa sababu tu oili imekaa muda mrefu zaidi, na watu wanashtuka bure. Gawanya kwa saa. Chuma ikisomeka 30 kwenye saa 250 na 50 kwenye saa 500, ulaji kwa kila saa umeshuka, haujapanda. Kwenye eskaveta zetu zote mbili mwelekeo umekuwa huo, na ndio ulionifanya niamini kifaa hiki kuliko maneno ya mtu yeyote.

Tahadhari moja ya kiufundi. Kipimo cha kawaida cha metali hakioni vizuri chembe zilizozidi mikroni chache, na zile kubwa za beringi inayovunjika zinashikwa na filta. Ripoti inaweza kuwa safi huku beringi inakufa. Kwa hiyo kila filta kuu inayotolewa tunaikata kwa kikata makopo, tunaikunjua karatasi yake juani, tunapitisha sumaku. Vinavyong'aa vikionekana, mashine haitoki.

Silikoni nayo ina hadithi yake. Silikoni ikipanda pamoja na alumini, ni vumbi limeingia, na kwenye machimbo vumbi ndilo adui wa kwanza. Silikoni ikipanda peke yake muda mfupi baada ya matengenezo, mara nyingi ni silikoni ya kuzibia iliyotumika kwenye gaskiti. Eskaveta moja ilituonyesha ile ya kwanza. Baipasi ilikuwa ikifanya kazi vizuri, lakini vumbi lilikuwa likiingia kupitia klempu iliyolegea kwenye mpira wa hewa, baada ya filta ya hewa. Hakuna filta ya oili itakayoshinda njia ya hewa iliyo wazi. Kama una fedha ya jambo moja tu, tengeneza kwanza upande wa hewa.

Sasa ile loda. Kazi yake ina kusubiri kwingi, injini ikinguruma bila mzigo kati ya tipa moja na nyingine. Injini inayokaa hivyo haipati joto la kutosha, dizeli haiungui yote, na inashuka kwenye oili. Ripoti ilionyesha oili imekuwa nyepesi kuliko inavyotakiwa. Tunatumia oili ya unene wa 15W-40, ambayo kwenye nyuzi 100 za Selsiasi inapaswa kubaki kati ya 12.5 na 16.3 kwenye kipimo cha unene (cSt), na ya loda ilikuwa imeshuka chini ya hapo. Dizeli iliyoyeyuka inapita kwenye baipasi kama oili yenyewe. Hakuna karatasi inayoweza kuizuia. Ndiyo maana tuliirudisha saa 250 na kuanza kuzungumza na madereva kuhusu kuzima injini wakati wa kusubiri. Maji ya rejeta yakivuja ndani ni vivyo hivyo: utaona sodiamu na potasiamu zimepanda, na dawa yake ni fundi, si filta.

Niseme pia kuhusu rangi, maana mauzo mengi yanafanyika kwa rangi. Mtu anachovya kitambaa cheupe, anakuonyesha kabla na baada. Oili ya dizeli inakuwa nyeusi kwa sababu ya masizi, na chembe moja ya masizi ni ndogo kuliko mikroni moja. Oili inaweza kuwa nyeusi tititi na bado ikawa nzuri kabisa, inaweza pia kuwa ya kahawia inayopendeza na imekwisha. Hata kipimo cha kuhesabu chembe, kile cha ISO 4406, kinasumbua kwenye oili ya dizeli kama mashine ya maabara inatumia mwanga, kwa sababu masizi yanauzuia. Uliza maabara wanahesabu kwa njia gani kabla ya kuilipia. Kwenye oili ya haidroliki kipimo hicho ni cha thamani sana. Kwenye injini mimi nategemea zaidi metali, masizi, unene na TBN.

Mashine iliyo bado ndani ya dhamana, mwandikie mtengenezaji kabla ya kuongeza saa, na jibu lake liwe kwa maandishi. Kufunga kifaa ni jambo moja na kuvuka muda uliowekwa ni jambo jingine, na mgogoro wa dhamana ukitokea watadai rekodi. Oili nayo iwe ya daraja linalotakiwa. Sisi tunatumia ya API CK-4, daraja la oili za injini za dizeli lililoanza Desemba 2016, na tulipojaribu kushuka daraja kwenye mashine ya zamani ili kuokoa fedha, TBN iliporomoka mapema na fedha yote tuliyookoa ikapotea.

Namshauri nani anunue? Mwenye injini zenye sampu kubwa, zinazofanya kazi saa nyingi, zenye mzigo wa kueleweka, na mwenye uvumilivu wa kuchukua sampuli kila mara. Jenereta ndiyo inayofaa kuliko zote: imekaa mahali pamoja, haitikiswi na ardhi, na mzigo wake haubadiliki sana. Kwa pikapu na magari madogo sioni faida. Oili yake ni lita chache, na kifaa pamoja na vipimo vitagharimu zaidi ya kile unachookoa. Injini iliyochoka, inayotoa moshi na kula oili, iache kwanza hadi itengenezwe.

Tingatinga ndilo linalofuata. Koki ya sampuli tumeshaifunga, baipasi bado. Tunataka ripoti za saa 250 za kawaida mfululizo kwanza, ili baadaye tuwe na cha kulinganisha.