Pini, gundi au uzi: kipi kinakifaa kitabu chako?
Kwa kijitabu cha kurasa 8 hadi 48, pini mbili za katikati zinatosha kabisa. Hufunguka vizuri na kazi ni ya haraka, ila idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Ukizidisha kurasa, karatasi za ndani husukumwa nje, na kisu kinaposawazisha ukingo hula maandishi. Acha pambizo pana.

Gundi ya moto ndiyo inayopendwa kwa vitabu vinene, na ndiyo yenye malalamiko mengi. Kurasa zikichomoka, tazama ukingo wake wa mgongoni: ukiwa laini, ujue haukukwaruzwa kabla ya kupakwa, kwa hiyo gundi haikupata pa kushika. Karatasi ya kung'aa ni mbaya zaidi. Hapo dai gundi ya PUR (ya poliurethani), inayoshika na kunyumbulika kuliko EVA, yaani gundi ya moto ya kawaida, japo kitabu kinahitaji kama saa 24 kabla ya kukivutavuta. Nyuzinyuzi zilizomo ndani ya karatasi yenyewe nazo ziende sambamba na mgongo, la sivyo kurasa hujikunja na kitabu hakikubali kufunguka.

Springi inafaa miongozo ya mafunzo, lakini mgongoni hakuna pa kuandika jina. Kamusi na vitabu vya maktaba vishonwe kwa uzi, hata kama gharama inapanda.