Kliniki za tiba jumuishi: anza na faili

Kliniki inayotoa tiba asili na dawa za hospitali chini ya paa moja hupimwa kwanza kwa faili la mgonjwa. Daktari na tabibu wa asili wakiandika kwenye faili moja, hapo kuna tiba jumuishi. Kila mmoja akiwa na daftari lake, hao ni wapangaji wawili tu wa nyumba moja.

Madaktari wanaosita kuhusu tiba jumuishi hawachukii majani. Artemisinini, kiini cha dawa mseto za malaria, ilitoka kwenye mmea wa Artemisia annua, na Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa ugunduzi huo. Shaka yao ni kipimo. Dozi ya kawaida ya artemether-lumefantrine, mojawapo ya dawa mseto hizo, kwa mtu mzima ni vidonge 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 3, jumla 24. Majani ya mmea huo yakichemshwa kuwa chai, nani ajuaye kikombe kina kiasi gani? Hutegemea mbegu, mavuno na ukaushaji, na artemisinini yenyewe haiyeyuki vizuri majini. Dozi pungufu huacha vimelea hai na kuchochea usugu. Kliniki inayotoa chai hii badala ya dozi ya malaria tunaipa sifuri, hata ikiwa na maabara nzuri kiasi gani.

Baada ya faili, muulize mfamasia wao kuhusu Hypericum perforatum, mmea unaouzwa kwa ajili ya huzuni. Anayejua kazi atakwambia mara moja kwamba huamsha vimeng'enya vya ini, dawa nyingine zikavunjwa haraka kabla hazijafanya kazi: ARV kadhaa, vidonge vya uzazi wa mpango, warfarin (ya kuzuia damu kuganda), siklosporini (ya kuzuia mwili kukataa kiungo kilichopandikizwa). Tena athari hiyo hudumu kama wiki 2 baada ya kuacha. Mzizi wa urukususu (licorice) nao, ukitumiwa kwa muda mrefu, hupandisha shinikizo la damu na kushusha potasiamu. Ni hatari kwa anayetumia digoxin, dawa ya moyo, au dawa za kukojoza. Mfamasia akijibu kwamba "vya asili havina madhara", ondoka. Mimea ya jamii ya Aristolochia imeua figo za watu na kuwaletea saratani ya njia ya mkojo.

Tiba ya kuchoma sindano nyembamba mwilini (akupancha) kwa maumivu sugu ya mgongo, au kwa kichefuchefu cha dawa za saratani, haina ubishi mwingi, mradi sindano ziwe za kutumika mara moja.

Kwa atakayepasuliwa, fomu ya maandalizi iwe na mstari wa mitishamba. Ginkgo na vidonge vya kitunguu saumu huweza kuongeza kutokwa na damu, kwa hiyo husimamishwa wiki 1 hadi 2 kabla. Mstari huo usipokuwepo, mtajie daktari wa usingizi mwenyewe, na umpelekee chupa au pakiti aone.