Vidonge vya asiklovia na valasiklovia: vinafaa, ila havingoji kesho

Swali la kwanza huwa lilelile: kati ya hizi mbili, ipi ina nguvu? Hakuna. Valasiklovia ikishamezwa, utumbo na ini huigeuza kuwa asiklovia, na hiyo ndiyo inayozuia virusi vya malengelenge (herpes) kuzaliana. Tofauti iko kwenye kufyonzwa. Asiklovia ya kumeza hufika kwenye damu kwa asilimia 10 hadi 20 tu. Valasiklovia hufikisha zaidi ya nusu. Kwa hiyo ya kwanza humezwa mara nyingi kwa siku, ya pili mara chache.

Kwenye mkanda wa jeshi jambo hili si dogo. Asiklovia ni 800 mg mara 5 kwa siku, siku 7 hadi 10. Mara tano! Ikiwa vidonge vilivyopo ni vya 200 mg, basi ni vinne kila dozi, ishirini kwa siku. Ratiba kama hiyo ni rahisi mno kuvurugika. Valasiklovia ni gramu 1 mara 3 kwa siku, siku 7. Hapa valasiklovia inashinda waziwazi. Kwa malengelenge ya sehemu za siri yanayotokea mara ya kwanza, asiklovia 400 mg mara 3 kwa siku, siku 7 hadi 10, inatosha kabisa. Kulipa zaidi ili kumeza valasiklovia mara 2 ni kununua urahisi tu.

Kinachoiangusha dawa hii ni kuchelewa. Haifuti kidonda kilichokwisha kutokea, wala haivigusi virusi vilivyojificha kwenye mishipa ya fahamu. Mkanda wa jeshi utibiwe ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Zikipita, bado muone daktari, hasa kama vipya vinaendelea kutoka. Malengelenge yanayojirudia hutoa taarifa mapema: ngozi inawasha, inachoma au inachonyota palepale pa siku zote, kabla hata haijavimba. Hapo ndipo kidonge cha kwanza kinapomezwa, kwa hiyo dozi iliyoandikwa na daktari iwe tayari nyumbani. Kwa sehemu za siri, valasiklovia 500 mg mara 2 kwa siku, siku 3. Kwa malengelenge ya mdomoni, valasiklovia gramu 2, kisha gramu 2 nyingine baada ya saa 12, basi. Anayengoja malengelenge yapasuke ndipo ameze, halafu aseme kauziwa dawa feki, anaionea dawa.

Upande wa usalama, macho yawe kwenye figo. Dawa hutoka kwa mkojo, na mwili ukikosa maji inaweza kuganda kama chembechembe kwenye mirija ya figo. Kunywa maji ya kutosha. Mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi, na anayemeza ibuprofeni au diklofenaki amwambie mfamasia kabla. Mzee akianza kuweweseka au kuona vitu visivyokuwepo akiwa kwenye dozi, msiseme ni uzee: apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kuumwa kichwa na kichefuchefu ni kawaida. Kula kwanza kunasaidia na hakupunguzi nguvu ya dawa. Ukisahau dozi, meza ukikumbuka, lakini usimeze mbili kwa pamoja.

Kwa anayesumbuliwa mara kwa mara kuna dozi ya kila siku: asiklovia 400 mg mara 2, au valasiklovia 500 mg mara 1. Hii ya 500 mg huwa hafifu kwa anayepata vidonda mara 10 au zaidi kwa mwaka. Huyo hupewa gramu 1. Kumeza valasiklovia kila siku hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mwenzi kwa karibu nusu, hivyo kondomu ibaki palepale.

Mjamzito na anayeishi na VVU wapangiwe dozi na daktari. Jicho likiuma au likiwa jekundu, nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo. Na krimu ya asiklovia? Kwa vidonda vya sehemu za siri faida yake ni ndogo sana. Fedha hiyo iende kwenye vidonge.