Daftari la parokia au wazee: uanzie wapi Lubumbashi?

Ukitafuta asili ya ukoo wako katika mji huu wa Kongo, anza na wazee, maana daftari litakuwepo kesho. Wao wanajua kijiji cha Kasai babu alikotoka kuja migodini. Miaka huichanganya, kwa hiyo uliza: kabla ya uhuru au baada? Na "ndugu" wa mzee aweza kuwa mtoto wa shangazi. Dai jina la mama.

Daftari la ubatizo lina tarehe, wazazi na msimamizi. Pembeni mara nyingi huongezwa ndoa na parokia ilikofungwa, na hapo ndipo pa kukodolea macho. Kinachosumbua ni majina: mwaka 1972 rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo, basi Joseph wa daftarini huenda ndiye Kabongo wa kwenye kitambulisho. Karatasi za kabla ya 1966 zitasema Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi.